Maswali ya Wasomaji: Intaneti ya Kutegemewa Katika Gari la Kulala

Barua tulizochagua kwa toleo hili zinatoka kwa watu ambao wamegeuza vani zao kuwa nyumba ndogo za magurudumu, au wanaowapokea watu wa namna hiyo, na ambao wanataka kuzunguka Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya bila kupoteza mtandao. Tumefupisha barua na kuondoa majina.

SWALI: Kwako mshauri, pokea salamu kutoka Nakuru. Mimi na mume wangu tumemaliza kuitengeneza Toyota HiAce yetu iwe gari la kulala: ina kitanda, meko ya gesi, betri ya pili na paneli ya sola juu ya paa. Mwezi wa Desemba tunakusudia kwenda Kericho, Kisumu na Mbita, kisha Kakamega na Kitale, na kurudi nyumbani kupitia Iten, Kabarnet na Marigat. Mume wangu atakuwa likizoni, lakini mimi nahariri maandishi ya kampuni ya ng'ambo, na kila siku ya kazi saa kumi jioni nina mkutano wa video usioahirishwa. Ninatumia laini moja ambayo hapa Milimani haijawahi kunisumbua. Je, ninunue bando kubwa zaidi, au ninunue ruta ya bei ghali? — Mama wa Milimani

JIBU: Mama, bando kubwa halina msaada mahali ambapo mawimbi hayafiki, na ruta ya bei ghali haina msaada mahali ambapo mawimbi yamefika lakini watumiaji wamezidi. Fedha zako za kwanza zitumie kupata njia mbili za kuingia mtandaoni ambazo hazikatiki kwa sababu moja. Ruta nzuri itafuata, na bando litakuwa la mwisho.

Nyumbani hujapata tabu kwa sababu Nakuru ni jiji lenye minara mingi iliyo karibukaribu, na mnara mmoja ukizidiwa simu hupata mwingine. Njiani mambo ni tofauti. Minara hujengwa mahali palipo na watu, yaani kando ya barabara kuu, karibu na masoko na juu ya vilima vinavyotazama makazi. Kutoka Mau Summit hadi Kericho mtakuwa nyanda za juu, na shida yenu kubwa huko ni mabonde madogo ya mashamba ya chai, ambamo kilima kimoja tu huweza kuuficha mnara. Mkishateremka hadi Ahero mtaingia katika uwanda wa Kano, ambao ni tambarare, na mawimbi huenda mbali bila kizuizi. Mbita nako ziwa linasaidia, kwa kuwa juu ya maji hakuna mlima wala msitu wa kuyazuia, na simu huweza kuunasa mnara ulio ng'ambo ya pili ya ghuba.

Kazi ngumu iko safari ya kurudi. Iten iko kwenye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara inayopita Tambach inaporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi sakafu ya Bonde la Kerio kabla ya kupanda tena Vilima vya Tugen kuelekea Kabarnet. Aliyeegesha gari chini kabisa ya ukingo wa bonde amejiweka kivulini, kwani minara iliyo juu ya ukingo huelekeza mawimbi yake kwenye miji na mashamba yaliyo mbele yake, na ukuta wa mwamba unamficha yeye. Mara nyingi kusogea kilomita moja au mbili kutoka kwenye mguu wa mlima kuelekea katikati ya bonde hurudisha mtandao. Hata hivyo, kwa mtu mwenye mkutano usioahirishwa, ushauri wangu ni kulivuka bonde hilo siku ya Jumamosi na kubaki huko hadi Jumapili, ili Jumatatu saa kumi jioni iwakute Kabarnet au Marigat mkiwa mmekwisha kupima mtandao. Kupanga ratiba hakugharimu chochote, na katika safari yenu ndiko kutakakookoa mikutano mingi zaidi kuliko kifaa chochote kinachouzwa dukani.

Kuhusu njia mbili, chukua laini za kampuni mbili tofauti, na zote mbili ziwe hai na zenye data kabla hamjatoka Nakuru. Watu wengi hununua laini ya pili wakaiacha bila data, halafu siku ya shida wanajikuta wanahitaji intaneti ili wanunue intaneti. Hata hivyo ujue kwamba kampuni mbili huweza kukodi nafasi kwenye mnara mmoja, kwa hiyo umeme ukikatika na betri za mnara zikaisha, laini zote mbili zinazimika pamoja. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu nchi nzima, kuendelea kwa mtandao kulitegemea betri na jenereta zilizokuwa kwenye kila mnara. Tena kuna sababu zilizo mbali zaidi na gari lenu: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Kenya ikapungua kasi ilhali simu za watu zilionyesha mawimbi yamejaa.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalitambui. Vijiti vinavyoonekana pembeni ya kioo cha simu hupima nguvu ya mawimbi kutoka mnarani, wala havisemi lolote juu ya idadi ya watu wanaougawana mnara huo. Nawe umechagua Desemba, mwezi ambao nusu ya Nairobi hurudi ushago, na mnara wa soko dogo la Vihiga au Bungoma hugeuka kuwa mfereji mmoja wenye foleni ya ndoo mia. Vijiti vitajaa na video yako itaganda. Wakati huo jaribu mambo mawili. Kwanza hamia laini ya pili, kwa kuwa huenda foleni yake ni fupi. Pili, kama ruta yako inakuruhusu kuchagua masafa, yaani njia za redio ambazo mnara na simu huwasiliana kwazo, ujue kwamba 4G ya Safaricom, kwa mfano, hutumia masafa ya megahezi 800 na ya 1800: ya 800 hufika mbali na hupenya kuta vizuri, lakini simu nyingi za vijijini hujazana humo, na ya 1800 hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa walio karibu na mnara. Ukiwa karibu, ilazimishe ruta ishike 1800. Ukiwa mbali, iache kwenye 800.

Ruta hiyo iwe na nafasi ya laini mbili na matundu ya kuunganisha antena ya nje. HiAce ni sanduku la chuma, na chuma huzuia mawimbi, kwa hiyo simu iliyolala juu ya kitanda hupokea kidogo kuliko simu iliyo nje ya dirisha. Antena ya kubandikwa juu ya paa, ile yenye nyaya mbili, huondoa kizuizi hicho. Mwambie fundi aweke waya mfupi na mnene, kwa kuwa mita 10 za waya mwembamba zaweza kula faida yote ya antena. Mkifika mahali pa kulala, kabla ya kuteremsha viti na kuwasha meko, fungua ukurasa wa ruta na utazame kipimo cha nguvu ya mawimbi, kinachoandikwa kwa desibeli na alama ya kutoa. Karibu na -90 ni pazuri. Kati ya -100 na -110 ni pa kufanyia kazi kwa uvumilivu. Chini ya -115 washeni gari mwende kwingine kungali na jua. Kisha fungua video fupi na uitazame, kwa sababu kipimo hicho nacho hakijui foleni.

Ikishindikana kabisa, kumbuka kwamba mko karibu na miji. Kisumu, Kakamega na Eldoret zina maktaba za umma, na zina mikahawa yenye intaneti ya faiba. Mkutano wa saa moja hauhitaji kufanyiwa ndani ya gari ati kwa kuwa gari lina meza.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kisumu, na nimenunua gari la kulala ili nizunguke na mke wangu. Fundi mmoja wa Kondele ananishawishi ninunue mashine ya kukuza mawimbi ya simu, inayofungwa juu ya paa, na anasema itanipa mtandao popote nitakapokwenda. Bei yake si ndogo. Ninunue? — Mwalimu Mstaafu, Kisumu

JIBU: Marahaba Mwalimu, ingawa kwa umri huenda mimi ndiye niliyestahili kukuamkia. Usinunue.

Mashine hiyo huyapokea mawimbi yaliyopo, ikayaongeza nguvu, ikayatangaza upya ndani ya gari. Mahali ambapo hayapo kabisa haina cha kukuza, kwa hiyo ahadi ya "popote" imekwisha kuanguka. Mahali ambapo yapo lakini yamechafuka kwa kelele ya minara mingine, hukuza pia kelele. Isipofungwa kwa ustadi, antena yake ya nje husikia sauti ya antena yake ya ndani, mashine ikaanza kupiga kelele masafani na kuuvuruga mnara ambao wanakijiji wote wanautegemea. Kwa sababu hiyo vifaa vya namna hii haviachwi vitumike ovyo: kifaa cha mawasiliano kinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma na kuuzwa bila karatasi inaweza kukuletea matatizo ya kisheria ambayo fundi hatakuwapo kuyajibu. Mwombe akuonyeshe idhini hiyo. Nadhani mazungumzo yatakuwa mafupi.

Nunua ruta yenye antena ya nje, niliyomweleza Mama wa Milimani hapo juu. Antena ya kawaida haitangazi upya mawimbi ya mnara. Inaitumikia ruta yako tu, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Kama safari zenu ni za kupumzika na hamna kazi ya ofisini, hata hiyo si lazima. Weka simu kwenye kioo cha mbele, iwashe igawe waifai, na usome magazeti yako.

SWALI: Mshauri, mimi ni mtengenezaji wa programu za kompyuta, naishi Eldoret, na nimeamua kuachana na laini za simu. Nitanunua sahani ya Starlink, ile intaneti ya setilaiti, niifunge juu ya gari, nizunguke Kakamega, Mlima Elgon, Homa Bay na hata nivuke Busia. Betri yangu ni ya risasi, saa-ampea 100, na paneli ni ya wati 200. Rafiki zangu wanasema sahani itaimaliza betri. Ni kweli? — Mtu wa Kompyuta, Eldoret

JIBU: Ndugu, magharibi mwa Kenya imewahi kuletewa intaneti kutoka angani kabla ya hii. Mwezi wa Julai 2020 kampuni ya Loon, ikishirikiana na Telkom Kenya, iliweka maputo kwenye anga la juu, kilomita 20 hivi kutoka ardhini, ili yaangazie 4G sehemu zikiwamo Iten, Eldoret, Baringo, Kisumu na Kakamega. Mapema mwaka 2021 mradi ukafungwa, na simu zilizokuwa zikitegemea maputo hayo zikarudi kutafuta minara. Sitabiri kwamba Starlink itafuata njia hiyo, maana tangu ilipoingia Kenya mwezi wa Julai 2023 imepata wateja wengi na inafanya kazi vizuri. Lakini kuacha laini zote na kutegemea sahani peke yake ni kubadilisha udhaifu mmoja kwa mwingine. Laini ya simu hushindwa na milima, foleni na umeme wa mnara. Sahani hushindwa na miti, mvua kubwa na umeme wako mwenyewe. Hizo ni sababu zisizofanana, na kwa hiyo sahani na laini moja nzuri ndiyo jozi bora ninayoijua kwa anayefanya kazi barabarani.

Nianze na miti, kwa kuwa wewe umetaja Kakamega. Setilaiti za Starlink huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, tofauti na zile za zamani za televisheni zinazosimama mahali pamoja angani karibu kilomita 36,000 kutoka hapa. Ukaribu huo ndio unaofanya mikutano ya video iwezekane bila sauti kuchelewa. Gharama yake ni kwamba setilaiti moja hupita haraka na kuipisha nyingine, na sahani inahitaji kuona sehemu kubwa ya anga wakati wote. Chini ya miti mirefu ya Msitu wa Kakamega utaona mtandao unakuja, unakatika sekunde chache, unarudi, na mkutano hauvumilii jambo hilo. Usiifunge sahani moja kwa moja juu ya paa. Ibebe ikiwa na waya mrefu, ili hata gari likiwa kivulini uweze kuitoa sahani peke yake hadi kwenye uwazi. Programu yake ya simu ina sehemu ya kuipiga picha anga na kukuonyesha vizuizi. Itumie kabla ya kupiga hema. Mvua ya rasharasha haidhuru, lakini zile mvua nzito za alasiri za Kericho na Kakamega huweza kuikata kwa dakika kadhaa, na hapo ndipo laini ya simu, ambayo masafa yake hayajali sana mvua, inapochukua zamu.

Sasa betri. Rafiki zako wana haki nusu. Betri ya saa-ampea 100 kwa volti 12 hubeba wati-saa 1,200, ila betri ya risasi ikinyonywa kupita nusu mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo hesabu una 600. Sahani ya kawaida hula kati ya wati 75 na 100, yaani katika saa nane itakuwa imekula zote 600 au kuzipita. Sahani ndogo, ile iitwayo Mini, hula kati ya wati 25 na 40, na nyingi zaidi huwa wakati inaanza. Kwa wastani wa 30, saa nane ni wati-saa 240. Inakubali umeme wa betri moja kwa moja, kuanzia volti 12 hadi 48, bila kupitia inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na kuepuka inveta kunaokoa umeme ambao ungepotea kama joto. Kwa gari lako chukua Mini.

Jambo ambalo rafiki zako hawakulihesabu ni kompyuta yako mwenyewe. Ya mtu anayeandika programu yaweza kula wati 50, ambazo kwa saa nane ni wati-saa 400, zaidi ya sahani. Ukijumlisha umefika 640, na bado hujawasha taa wala kuchaji simu. Paneli ya wati 200 iliyolala bapa juu ya paa yaweza kukupa wati-saa 700 hivi siku ya jua kali, kama ile ya Homa Bay, na chini ya nusu ya hizo siku ya mawingu kwenye miteremko ya Elgon. Utakaa vizuri siku za jua. Siku mbili za mawingu mfululizo zitakusimamisha. Badilisha betri iwe ya lithiamu ya ukubwa uleule, ambayo unaweza kutumia sehemu kubwa ya ilichobeba bila kuiumiza, na umwambie fundi akufungie kifaa cha kuichaji kutoka kwenye alteneta ya gari unapoendesha. Safari ya saa chache kutoka Kitale hadi Kakamega itafanya kazi ya siku nzima ya paneli.

Kuhusu Busia: huduma ya setilaiti huhitaji kibali cha kila nchi, na kibali cha Kenya hakivuki mpaka pamoja nawe. Hakikisha kwanza kama nchi unayoingia inaruhusu, na uangalie kifurushi chako kinasemaje, kwa kuwa kifurushi cha nyumbani hufungwa kwenye anwani moja na cha kusafiri ndicho huhama. Forodha nao wanaweza kuuliza sahani imetoka wapi, basi beba risiti.

SWALI: Tulilala karibu na mpaka wa Busia, upande wetu wa Kenya, na asubuhi salio la simu lilikuwa limekwisha. Hatukuwa tumepiga simu yoyote. Ni wizi? — Msomaji, Bungoma

JIBU: Kuna uwezekano mkubwa kwamba simu yenu ilidaka mnara wa Uganda uliokuwa na mawimbi yenye nguvu zaidi, na programu zilizo ndani yake zikaendelea kuvuta data usiku kucha kwa bei ya ugenini (roaming). Makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda yaliyoanza mwaka 2014 yalishusha bei ya kupiga simu, lakini msidhani kwamba data nayo inafuata bei ya nyumbani. Ingieni kwenye mipangilio ya simu, mzime matumizi ya data ugenini, kisha mchague jina la kampuni yenu kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague yenyewe. Fanyeni hivyo Busia, Malaba na Lwakhakha, na pia mkiwa visiwani ziwani. Ruta nayo ina mpangilio huohuo, na ndiyo husahauliwa.

SWALI: Mimi na wenzangu wawili tulikodi vani na kuzunguka Naivasha, Nakuru na Bogoria. Gigabaiti 20 tulizotarajia zitutoshe wiki nzima ziliisha siku ya pili, ingawa tulikuwa tukifanya kazi tu. Zilikwenda wapi? — Binti wa Kakamega

JIBU: Binti yangu, kazi yenyewe inaweza kuzimaliza. Mkutano wa video wa watu wengi huweza kula kati ya gigabaiti 0.8 na 2.4 kwa saa, kulingana na ubora wa picha. Ukizima kamera na pia kuzuia picha za wengine, ukabaki na sauti tu, matumizi huteremka chini ya megabaiti 100 kwa saa. Watu watatu wenye mkutano wa saa mbili kila mmoja wanaweza kuwa wametumia zaidi ya gigabaiti 10 kabla ya chakula cha mchana. Filamu ya jioni kwa ubora wa juu yaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa.

Lakini ninashuku zaidi yale yanayofanyika mkiwa mmelala. Kompyuta ikiona waifai hudhani iko nyumbani kwenye faiba, ikaanza kujisasisha, na sasisho moja la Windows huweza kuwa la gigabaiti kadhaa. Simu zenu nazo zilikuwa zikituma picha na video zote za Ziwa Bogoria kwenye hifadhi ya mtandaoni. Katika kila kifaa uuweke mtandao wa gari kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, na uzime upakiaji wa picha hadi mfike mahali penye faiba. Kwa safari zenye siku zisizotabirika mimi hupendelea bando lisilo na tarehe ya kuisha, ambalo Safaricom ilianza kuliuza mwaka 2019 na hupatikana kwa *544#. Kwa gigabaiti moja huwa ghali zaidi kuliko la siku, ila halikuadhibu kwa kukaa siku mbili mahali pasipo na mtandao. Na mnaponunua lile linaloitwa la bila kikomo, someni kasi itashuka baada ya gigabaiti ngapi, kwa maana kikomo kipo na kimeandikwa kwa herufi ndogo.

SWALI: Nina kiwanja cha kupigia kambi kando ya ziwa, Kaunti ya Homa Bay. Wageni wenye magari ya kulala wameongezeka, na wote huuliza waifai kabla ya kuuliza choo. Ruta iko ofisini na wanalalamika kwamba haifiki. Niongeze kasi ya kifurushi? — Mwenye Kiwanja

JIBU: Kasi ya kifurushi haitapita kwenye ukuta wa mabati. Kama ofisi yako ina kuta au paa la mabati, mawimbi ya waifai yanafungiwa humo, na hata yale yanayotoka hukutana na gari la chuma upande wa pili. Weka kifaa cha kurushia waifai cha nje, juu ya nguzo iliyo katikati ya kiwanja, kikiunganishwa na ruta kwa waya wa mtandao ambao hupeleka data na umeme kwa pamoja. Tumia masafa ya gigahezi 2.4 kwa magari yaliyo mbali na ya 5 kwa meza zilizo karibu na nguzo.

Kabla ya kuisimamisha nguzo hiyo, mwite fundi umeme akuchimbie waya wa ardhini na kukuwekea kinga ya radi kwenye waya wa mtandao. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na nguzo ndefu ufukweni ni mwaliko. Wageni wengine watakuomba uwape nenosiri la ruta yenyewe, usiwape. Tengeneza mtandao wa wageni peke yake, uwashe kizuizi kinachofanya gari moja lisiweze kuona vifaa vya gari jingine, na umpangie kila mgeni kiwango cha kasi, ili anayepakua filamu asimnyang'anye anayefanya mkutano. Ruta na kifaa cha nguzoni uviweke kwenye betri ndogo. Pamoja havili zaidi ya taa chache, na umeme wa kijijini ukipotea jioni utakuwa na wageni waliotulia.

Halafu kwenye tangazo lako usiandike "waifai ya kasi". Pima saa mbili usiku kiwanja kikiwa kimejaa, uandike kiasi ulichokiona na jina la kampuni ya simu inayoshika vizuri zaidi hapo kwako. Wenye magari ya kulala huandikiana sana, na yule atakayekuta namba uliyoandika ni ya kweli atawaleta wengine.